Vigingi Upande wa Wanawake

Kambi ya wapima ramani, mto Enyel
9 Agosti 1987

Dada Taisya,

Shikamoo. Ukiona madoa kwenye karatasi hii ujue ni mbu, si machozi. Nimeshaua kumi na nne na bado nilikuwa naandika jina lako tu.

Kazi nimepata, na safari hii ni kazi ya kweli, usicheke. Mimi ndiye mwongoza njia wa wapima ramani. Wanataka kupitisha barabara ya kipindi cha baridi kwenye vinamasi vyetu, na pembeni yake bomba la mafuta. Mimi natangulia na mti wangu mrefu, nachoma tope, nasema hapa panabeba, hapa hapabebi. Wao nyuma wanagonga vigingi vyenye vichwa vyekundu na kuandika namba.

Juzi bwana wa darubini, Gennady, ana digrii mbili, kazama mpaka kwapani. Nikamwambia, "Bwana, ngoja nikutoe haraka, zote mbili zisilowe." Tangu siku hiyo kila mtu anataka mti wa kutembelea kama wangu. Basi nawakodishia, kopo moja la nyama kwa wiki. Miti, dada! Imejaa msituni bure!

Bosi wetu ni mama mmoja, Ludmila Arkadyevna. Si mbaya. Ila ramani anaichora kwa rula. Anaweka rula juu ya picha iliyopigwa na ndege, anavuta mstari, kwisha. Nikamwambia, "Mama bosi, hapo umepita mtoni, ukapita ziwani, ukapita na chooni kwa bibi Agrafena." Akacheka sana. Mstari haukusogea.

Sasa nisikilize, na umsomee shemeji Yefim. Ule mstari ulikuwa unapita kwa Babu. Katikati kabisa, pale kisiwani kwenye kibanda cha mzimu wetu. Mama bosi akaweka kidole kwenye picha akauliza, "Prokop, hili doa jeusi ndani ya ziwa ni nini?" Baba hata kidole alitukataza kupaonyesha, jina ndiyo usiseme. Nitamwambia nini mgeni? Nikasema, "Tope tupu, mama. Halina chini. Mwaka ule wa mafuriko kulungu saba waliingia pale, hata pembe hatukuona tena."

Ameamini! Akachukua kifutio akafuta. Babu yupo salama, na dunia nzima haijui kama yupo. Nani alisema mimi sina faida kwenye ukoo huu? Ni wewe, mwaka jana, mbele za watu.

Nakutumia chai pakiti mbili na nyama ya kopo. Usiulize nimezipataje, nimeshakwambia.

Mdogo wako,
Prokop


Makao yetu
2 Septemba 1987

Prokop,

Barua na chai vimefika. Chai nzuri, barua ina kelele.

Nimemsomea Yefim. Alichukua mkate mpya na kipande cha kitambaa akaenda kwa Babu siku hiyohiyo. Aliporudi akasema umefanya kazi ya mwanaume. Nakuandikia kwa sababu ameniambia niandike. Tangu baba afe yeye ndiye anapatunza, na pale si pa ukoo wake, ni petu. Wewe ndiye ulitakiwa.

Lakini hukusema mstari umeenda wapi. Mstari ukiutoa hapa si lazima uuweke pengine? Mmeuweka wapi? Nijibu hilo kwanza, utani baadaye.

Huku si kuzuri. Helikopta ilizunguka juu ya kulungu mara tatu, chini kabisa, wakatawanyika. Sita hawajarudi. Jana nimekuta kigingi chenye kichwa chekundu nyuma ya tanuri langu la mkate. Hatua kumi, Prokop. Mbwa hawakubweka. Mtu alikuja mpaka hapo, akagonga, akaondoka, mimi nimo ndani nakanda unga. Kina namba 118. Yefim anataka kuking'oa, nimemkataza mpaka utuambie ni cha nini.

Samaki mwaka huu wana ladha ya taa ya mafuta. Labda ni ulimi wangu.

Taisya


Kambi ya wapima, mto Enyel
18 Oktoba 1987

Dada,

Usigombe. Barua yako imekaa mfukoni kwa rubani wiki tatu, nimeikuta ina harufu ya soksi.

Kigingi 118 msikiguse. Hicho ni cha kupimia tu, wanasimama pale wanaangalia kile kingine. Hakuna kitu kitapita jikoni kwako, nimeuliza mara mbili. Mara ya pili mama bosi kasema, "Kwa sasa hakuna." Mimi nimesikia "hakuna".

Mstari umeenda kaskazini ya kisiwa. Unashuka ukingoni, unapita juu ya ziwa lenyewe, unapanda ng'ambo. Na vigingi nimevigonga mimi mwenyewe, tulipita kwa mtumbwi tukaweka ukingo huu na ukingo ule. Mwezi wa kumi na mbili pale ni barafu tu, dada. Unapitisha kiwanda na wafanyakazi wake wakicheza dansi! Babu hataguswa, atasikia tu muungurumo kwa mbali.

Sasa habari tamu. Yefim alipokuja huku kuuza samaki nilimpeleka kwa mama bosi. Nikamwambia, "Huyu shemeji yangu aliendesha katapila miaka mitano kwenye shamba la ushirika, na nchi ile anaijua akiwa amefumba macho." Wamemchukua! Msafara wa kwanza wa mabomba, yeye ndiye atakayeongoza, katapila la mbele kabisa. Amesema atabaki hukuhuku kambini mpaka safari. Mshahara wa miezi miwili ni sawa na samaki wa miaka miwili, na hao samaki wasiwe na ladha ya taa.

Najua utasema nimemshawishi. Nimemshawishi. Alisema, "Nikiwa mbele mimi mwenyewe, nitahakikisha hawakaribii kwa Babu." Maneno yake hayo. Mtu wako ana akili, ila anaificha kwa kunyamaza.

Cheka kidogo basi.

Prokop


Makao yetu
6 Novemba 1987
(Naiacha dukani Nyurim, wampe rubani wa kwanza atakayetua)

Prokop,

Sicheki. Soma hii halafu uinuke hapohapo ulipokaa.

Kaskazini ya kisiwa ndiko tunakopita sisi wanawake. Hukujua? Nyie mnakuja kwa kusini, mnafunga kulungu, mnaingia kwa Babu. Sisi pale hatukanyagi, kwa hiyo tunazunguka. Mama alizunguka, bibi alizunguka, mimi nazunguka tangu nikiwa mtoto. Maji ya kaskazini yanapumua. Chini kuna chemchemi. Juu theluji inalala vizuri, unaona ziwa zima limefunga, lakini unene wa barafu yake hauzidi kiganja. Mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali kuliko yote, bado nachota maji pale kwa kugonga kisigino. Sisi tunapita ukingoni kabisa, mmoja mmoja, kulungu wanavuta sleji tupu.

Hakuna mwanaume aliyewahi kutuuliza njia yetu ikoje. Baba hakuuliza. Yefim tumekaa naye miaka kumi na moja, hajauliza. Anajua kisiwa tu. Ataliangalia lile ziwa ataona kama ulivyoona wewe.

Umepeleka barabara pale, na mbele umemweka mume wangu.

Mwambie asipite. Mwambie bosi wako. Mwambie uongo wowote unaotaka, hiyo ndiyo kazi yako. Lakini wasipite.

Taisya


Kambi ya wapima, mto Enyel
1 Desemba 1987

Dada Taisya,

Hii nampa Timofey mwindaji, anapita kwenu kwa pikipiki yake ya theluji. Helikopta hazijaruka mwezi mzima, baridi ni digrii hamsini, ukitema mate yanagonga chini kama kokoto. Sijapata neno lako tangu lile la Septemba. Nadhani bado umenuna.

Msafara umeondoka leo asubuhi. Yefim mbele na katapila, nyuma yake magari sita ya mabomba. Bomba moja unaweza kulala ndani na familia yako na wageni wakakuta nafasi. Ungemwona mumeo! Kofia mpya, koti la kampuni, uso kama anakwenda kuoa. Nikamwambia, "Shemeji, tabasamu basi," akasema, "Nimetabasamu." Kumbe ndiyo ilikuwa hiyo.

Wanakwenda polepole, siku nane au tisa. Tarehe tisa watakuwa ziwani. Ukisimama kilimani utaona taa zao. Wapungie mkono.

Prokop


Kambi ya wapima, mto Enyel
5 Desemba 1987

Dada,

Helikopta imetua mchana, barua yako ya Novemba nimeisomea palepale uwanjani, pangaboi likiwa bado linazunguka. Rubani alidhani nimepata msiba. Nikamwomba arudi hewani anipeleke ziwani, nikampa saa yangu, nikampa viatu vya manyoya. Akanionyesha ukungu wa baridi unavyofunga. "Prokop, nikiruka sasa tutakuwa wawili wa kuzikwa."

Nimekwenda kwa mama bosi. Nakuandikia ilivyokuwa, nisije nikaipamba baadaye.

Nikasema, "Ludmila Arkadyevna, zuia msafara. Ziwa ni bovu."

"Bovu vipi? Ulipagonga vigingi wewe."

"Chini kuna chemchemi. Wapitishe kisiwani, kule maji ni mafupi, yameganda mpaka chini."

Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, mcheshi. Agosti kisiwa ni tope na ziwa ni zima. Leo ziwa ni bovu na kisiwa ni kizima. Mwezi wa pili utaniambia mimi ndiye tope?"

Hapo kwa kawaida ningejibu kitu. Jibu lilikuja mpaka mdomoni. Sikujibu, na nadhani kunyamaza huko ndiko kulikomtisha.

"Prokop. Kwa nini ulinidanganya?"

Nikasema, dada. Nimesema kila kitu. Kwamba pale kuna kibanda juu ya nguzo, kwamba ndani kuna Babu, kwamba wanawake hawakanyagi. Akauliza panaitwaje. Nilikataa. Akasema bila jina hawezi kutoa amri kwa redio ya upepo, hawezi kusema "kile kisiwa cha Prokop". Nikalitamka. Kwa sauti, mbele ya Gennady na mpishi.

Akauliza, "Pakavu kweli?"

"Pakavu."

"Chini kuna nini?"

"Mchanga."

"Kina gani?"

"Baba alipochimba mashimo ya nguzo alizama mpaka kichwa, bado mchanga tu."

Akamwangalia Gennady, Gennady akamwangalia yeye. Akasema polepole, "Kilomita mia mbili za kinamasi, na mimi mchanga wa barabara nauleta kwa treni." Akachukua penseli akazungusha duara kwenye ramani. Sikumjali, mimi nilitaka ashike redio.

Ameishika. Tumeita mpaka sauti zetu zikakauka. Kambi ya njiani wamejibu: msafara ulishapita jana. Katapila la mbele halijibu. Mitambo inaganda, wamesema, ni kawaida.

Ni kawaida.

Hii itaruka ukungu ukifunguka. Sijui itakukuta na hali gani.

Prokop


Makao yetu
12 Desemba 1987

Prokop,

Yefim yupo hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Timofey alifika tarehe nane usiku. Nilipoona umeandika "tarehe tisa watakuwa ziwani" sikumalizia hata chai. Nilifunga kulungu wanne alfajiri nikaondoka. Kuzunguka kwa njia yetu nisingewahi, taa nilishaziona ng'ambo, zinashuka. Njia fupi ilikuwa moja.

Nilipita kwa Babu.

Nilifunika uso kwa shali, kama ingesaidia kitu. Kulungu walikataa kuingia kwenye misonobari, nikashuka nikawavuta. Nilipita karibu na kibanda kiasi cha kukigusa. Nisikwambie zaidi.

Nilitokea mbele ya katapila lake, ameshashusha pua yake ukingoni, kwenye vigingi vyako. Akazima. Akashuka. Hakuniangalia mimi, aliangalia nyayo zangu zinakotoka.

"We mwanamke, umetokea wapi?"

"Unaona nilikotokea. Usipite, maji yanapumua."

Akachukua shoka akatembea hatua ishirini ndani ya ziwa. Akapiga mara tatu. Ya tatu maji yakaruka mpaka magotini. Akarudi mdogomdogo, anaburuza miguu. Katapila lile ni tani kumi na sita, ameniambia jana. Ndiyo neno pekee aliloniambia jana.

Madereva wakakusanyika. Mmoja, Mykola, mwenye ndevu zilizoganda, akasema, "Mafuta tunayo ya kwenda tu, ya kurudi hatuna. Tukikaa hapa, kesho tunakatwa vidole vilivyoganda. Si hiyo hapo nchi kavu?" Akanyoosha kidole kwa Babu. Mkono mzima.

Yefim akasema, "Hapo sipitishi. Afadhali maji."

"Basi pita majini peke yako, kaka, sisi tuna watoto."

Akaanza kupanda kwenye katapila, Prokop. Nilimwona akishika ule mkono wa mlango. Alikuwa anakwenda kweli.

Ndipo nikaenda kung'oa vigingi vyako. Kwa mikono, vingine kwa shoka lake. Nikavibeba nikavipanga kwenye nyayo zangu, kwenye misonobari, kimoja baada ya kimoja, mpaka ng'ambo. Mykola akasema, "Ahsante mama." Yefim alikaa kwenye theluji. Katapila alichukua mwingine. Walikata misonobari kumi na mmoja. Magari yote yakapita, mabomba yanagongana kama kengele. Kibanda hawakukigusa, waliniahidi na kweli hawakukigusa. Kila gari likipita kilikuwa kinatikisika.

Yefim alirudi nyumbani kwa miguu. Anakula amenipa mgongo. Barua yako ya tarehe tano imefika leo, nimemsomea, hata pale uliposema jina. Alisikiliza akasema kitu kimoja: vitu vya ndani ya kibanda lazima vihame, na havibebwi na mimi wala yeye. Vinabebwa na mwanaume wa damu ya baba.

Yupo mmoja tu. Njoo.

Taisya


Kambi ya wapima, mto Enyel
9 Januari 1988

Dada,

Barua yako nimeipata juzi. Nilikuwa nakuandikia jibu refu, lina mzaha mmoja mzuri kuhusu Mykola. Nimelichana.

Leo imekuja ramani mpya, imepigwa chapa, bado ina harufu ya wino. Mama bosi kaniita niione, anadhani nitafurahi. Barabara inapita kisiwani, mstari mnene. Na pale kwa Babu wameandika jina. Lenyewe, herufi kwa herufi kama nilivyolitamka. Siliandiki hapa. Chini ya jina kuna alama ya sepeto na maneno: machimbo ya mchanga, namba 1.

Nikamwuliza, "Wanachukua kiasi gani?"

Akasema, "Kisiwa chote, Prokop. Barabara nzima inakisubiri."

Nikamwambia nipe wiki mbili. Akasema amri si yake, imetoka mjini, na nikaona kweli hana raha. Akanipa mkate na makopo mawili ya nyama, hakutaka nisaini.

Katapila la kijiko limeondoka hapa saa mbili asubuhi, juu ya trela, na wachimbaji wanne. Mimi naondoka saa nne, kwa mbao za miguuni za kutelezea thelujini, sleji ndogo nyuma. Wao wanafuata barabara inayozunguka na mto. Mimi nakata kinamasi moja kwa moja. Timofey, pikipiki yake imekufa, kanichorea njia mkononi kwa kalamu, anasema mtu asiyelala anaweza kuwatangulia nusu siku. Hajawahi kuiona hiyo nusu siku, ila anasema inawezekana.

Kazi nimeiacha. Usiandike tena huku.

Barua hii ikikufikia kabla yangu, mwambie Yefim aandae ngozi za kufungia na asiwashe moto upande wa kusini, watauona. Wewe usiende tena kule, inatosha.

Rubani anasema barua hii itatua Nyurim wiki ijayo. Nikiwahi, utaisoma mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Nisipowahi, nitakuwa nimekaa hapohapo. Usiniulize kitu. Nipe chai tu.

Prokop